Mkono wa Mpasuaji

Grand Prairie, Jumatatu, 27 Agosti 2018

Muhula umeanza. Asubuhi mama mdogo Apolonia alinipikia uji, akanifungia mkate kwenye foili, akanisindikiza mpaka mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika na majirani, "Nenda nesi wangu, ukawaoneshe." Nikacheka. Nikaendesha gari hadi chuoni, nikakaa kwenye darasa la watu wanaojifunza kuosha maiti, kuzitia dawa na kuzizika.

Niliandike mara moja, nisilizungushe. Unesi walinikataa, wakanikataa tena. Chuo cha mazishi kikanipokea. Mama mdogo si ndugu wa damu; alilala bweni moja na mama yangu huko Moshi, na ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na kunipa chumba. Nilinyamaza nikingoja siku nzuri ya kumwambia. Wakati nangoja, yeye alishamwambia kila Mswahili kutoka Dallas mpaka Fort Worth kwamba ana nesi nyumbani. Siku nzuri haijafika. Na kinachoniaibisha zaidi ni kwamba kazi yenyewe naipenda.

Jumatano, 29 Agosti

Historia ya mazishi. Tumeanza na Misri ya kale. Mwalimu alipitisha chupa ya unga mweupe waliokaushia maiti za wafalme, akalitaja jina lake la Kiingereza kama anataja dhahabu. Nikanusa. Magadi! Au basi ndugu yake wa karibu kabisa, haya haya tunayotia kwenye maharage yakigoma kuiva. Nilitaka kunyoosha mkono niseme, nikaona haya, nikampa chupa aliyekaa pembeni yangu.

Jumapili, 2 Septemba

Jumuiya imekutana kwetu, Watanzania na Warundi wachache. Bertila wa Mesquite alileta kiburu, kile chakula cha Kichaga cha ndizi na maharage. Bertila na mama mdogo ni chanda na pete. Anafanya kazi ghala la viatu, mjane, mdomo wake haupumziki, na mimi ananiita daktari.

"Daktari, mbona unakichungulia chakula changu? Umeona kijidudu?"

"Hapana mama, naona magadi yamekolea vizuri."

"Heri wewe unayejua. Hawa watoto wa hapa ukiwatajia magadi wanadhani ni detergent."

Nikajisahau. Nikasema hata Wamisri wa zamani waliyatumia kukaushia.

"Kukaushia nini?"

"Nyama," nikasema.

Akasema atajaribu. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Septemba

Mvua.

Jumapili, 16 Septemba

Joyceline, mhasibu wetu anayejua kila kitu, amekuja jumuiyani na mashine ya presha. Watu wakakunja mikono ya mashati, wakanipangia foleni. Nikasema siruhusiwi kumpima mtu mpaka nipate leseni. Wakanisifu kwa kufuata sheria. Mama mdogo alinitazama kwa fahari mpaka nikaenda kujifungia chooni.

Ijumaa, 21 Septemba

Mvua hii haina aibu. Barabara ya kwenda Mesquite imegeuka mto. Nilifika kazini nimelowa, na Bwana Pruitt, mwenye nyumba ya mazishi ninakojifunzia, akanipa taulo. Ni mzee wa Kizungu mwenye maneno machache. Kabla ya kuingia chumba cha maiti hubisha hodi. Siku ya kwanza nilidhani amechanganyikiwa. Siku hizi nami nabisha.

Jumatano, 26 Septemba

Mwalimu amegawa mada za kuwasilisha. Wenzangu wamepata piramidi, mahekalu, makaburi ya wafalme yaliyochongwa ndani ya majabali. Mimi nimepata mpasuaji.

Nimesoma mpaka macho yameuma. Kazi ya kutengeneza maiti iligawanywa. Mmoja aliweka alama ubavuni, upande wa kushoto. Wa pili, mpasuaji, alichukua kisu cha jiwe akakata palipowekwa alama, ili matumbo yatolewe na kuhifadhiwa kando. Kuna msafiri wa Kiyunani aliyeandika kwamba huyo mpasuaji akishakata tu alitimua mbio, na wote waliokuwepo wakamkimbiza kwa mawe na laana, maana amemjeruhi ndugu yao. Wamemwita wenyewe! Bila yeye kazi haiendi! Lakini wenzake waliotia magadi na marashi waliheshimiwa, wakaingia hekaluni na makuhani, hakuna aliyewagusa.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikajiuliza, huyu bwana akifika kwake anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, mke wake akimwuliza ametoka wapi, alijibu nini? Labda alisema yeye ni nesi.

Houston, Jumamosi, 6 Oktoba

Darasa zima tumekuja kwa basi kutazama Misri kwenye jumba la makumbusho. Mama mdogo nimemwambia nina clinicals, mazoezi ya unesi hospitalini. Sikujua kwamba naye angempigia Bertila, na Bertila ampigie mwanawe Melkiori anayeishi huku, ili mtoto wa watu asishinde na njaa Houston. Simu ikalia nikiwa mbele ya jeneza.

"Dada Eli, shwari? Mama kaniambia upo. Hospitali gani? Nita-drive nije nikuchukue lunch."

"Asante kaka, leo sina break kabisa."

Nyuma yangu watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele kwa sababu wameona vidole vya miguu vya mtu aliyekufa.

"Mbona watoto wengi hivyo?"

"Wodi ya watoto," nikasema.

Uongo unanitoka siku hizi bila hata kupiga chafya. Nilikata simu, nikabaki natazamana na jeneza. Ubavuni lilikuwa limechorwa macho mawili makubwa, kwa sababu marehemu alilazwa kwa upande na walitaka aweze kuchungulia nje jua likichomoza. Nililionea haya lile jeneza, si mchezo.

Nimeona mengine ambayo sitaki niyasahau. Nimeona mdudu wa jiwe, yule anayeviringisha mavi, ambaye walimweka juu ya kifua cha marehemu. Nyuma yake yamechongwa maneno ya kuusihi moyo, siku utakapowekwa kwenye mizani na unyoya upande wa pili, usisimame kumshtaki mwenyewe. Kwa hiyo hata wao walijua moyo ni mmbeya. Nimeona kifaa kama tezo ndogo ya seremala ambacho kuhani aliugusia mdomo wa maiti, kuufungua, ili marehemu aweze kula na kusema huko aendako. Sisi kazi yetu ya kwanza ni kuufunga.

Mwalimu akatueleza kwamba mfalme aliyezikwa hakuachwa hivi hivi. Alikuwa na hekalu lake na makuhani wake, na kila siku alipelekewa mkate na pombe kama mtu aliyelala chumba cha pili. Watu wale walikuwa na waashi wa marehemu, wachoraji wa marehemu, wafumaji wa kitani cha marehemu. Nchi nzima ilifanya kazi yangu na ikajivunia. Mimi, Elirehema, nimejificha nyuma ya wodi ya watoto.

Jumapili, 14 Oktoba

Baridi imeingia ghafla. Mama mdogo amenipa sweta lake. Alinionea huruma kwa clinicals za Houston.

Alhamisi, 25 Oktoba

Bertila amefariki. Ameanguka kazini katikati ya maboksi, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka.

Mama mdogo alipopokea simu aliketi sakafuni. Baadaye akanishika mkono. "Eli, wewe nesi, niambie. Asubuhi tumecheka naye kwenye simu. Inakuwaje?"

"Ni moyo, mama. Ulisimama ghafla."

Ndivyo walivyosema hospitali, sikudanganya. Lakini niliitoa ile sauti ya upole ya kinesi ambayo nimeiokota kwa watu, naye akaipokea ikamtuliza. Naandika hapa kwa sababu nimejichukia.

Ijumaa, 26 Oktoba

Melkiori ameamua mama yake azikwe hapa Texas, na akachagua nyumba ya mazishi iliyo karibu na alipokuwa anaishi mama yake. Yetu.

Bwana Pruitt aliniuliza kama namfahamu huyu mama, kwa kuwa anatokea Tanzania. Mfanyakazi akiwa anamfahamu marehemu, Bwana Pruitt humpumzisha. Nikasema hapana. Sijui nilikataa kwa kuogopa siri kutoka au kwa sababu sikutaka mwingine amguse. Nikijiambia ni hilo la pili nasikia vizuri, na ndiyo maana siliamini.

Nilibisha hodi, nikaingia. Nilimwosha nywele. Nilimkunja vidole na kuvikunjua mpaka vikalegea. Bwana Pruitt alisimama pembeni akaniongoza, na alipogeuka kuchukua kitu nilisema polepole, "Nisamehe mama, ni mimi." Kisha nikamfunga kinywa. Kinywa kile! Nilirudia mara kadhaa, maana kila nilipokiweka sawa hakikuwa chake. Bertila hakuwahi kufunga mdomo moja kwa moja. Upande mmoja ulikaa tayari kumchokoza mtu. Mwishowe nikauacha hivyo. Bwana Pruitt akatazama, akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Nilirudi nyumbani nikakuta wanawake wamejaa sebuleni wakimlilia. Nikakaa katikati yao, nikalia nao, nikapewa pole.

Jumapili, 28 Oktoba

Wamekubaliana kwamba wanawake watakwenda wenyewe Jumanne kumvisha. Nikasema Jumanne nina mtihani. Mama mdogo akasema nisome kwa bidii, Bertila angefurahi.

Jumanne, 30 Oktoba

Nilipanga nisiwepo. Nilipanga Bwana Pruitt awapokee mimi nikiwa nyuma nasafisha. Lakini alikuwa na mazishi mengine makaburini, matope yakakwamisha gari, akapiga simu akasema, miss, wapokee wewe. Nikavaa kofia, barakoa, miwani ya plastiki, gauni la karatasi mpaka kwenye vifundo. Nilibaki kope tu. Nikafungua mlango, na wa kwanza alikuwa mama mdogo Apolonia, mkononi kabeba mfuko wa nguo, nyuma yake Joyceline.

Nikasema, "Good morning, ma'am. This way, please." Nilisema kwa pua, kama wasichana wa hapa. Mtu aliyenipa chumba na sweta nilimpita bila shikamoo.

Walimvisha. Mimi nikainua palipohitaji kuinuliwa, nikageuza palipohitaji kugeuzwa. Walizungumza Kiswahili juu ya kichwa changu.

"Muone anavyomshika," Joyceline alisema. "Kama anakunja mashati. Hawa watu wana roho gani? Asubuhi unakunywa chai, unakuja kushika maiti, jioni unampikia mumeo kwa mikono hiyo hiyo?"

"Mwache," mama mdogo akasema. "Binti mdogo hivi. Maskini, labda hana kwao."

Hakulisema kwa ubaya. Alinihurumia. Heri angenitukana.

Joyceline akatoka kwenda garini kufuata kitenge. Tukabaki watatu, mmoja amelala. Mama mdogo alirudi nyuma hatua ili amtazame rafiki yake vizuri, na kiwiko chake kikagonga kona ya kabati, ile kona ya chuma, nikausikia mfupa.

"Pole, mama!" nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Mtu akijikwaa, akimwagikiwa chai, akigongwa na mlango, sisi tunasema pole kabla hatujajua tumesema. Mzungu hasemi. Mzungu huuliza kama uko salama. Na hilo "mama" nililisema kama ninavyomwita kila siku ya Mungu jikoni kwake.

Mama mdogo aliacha kukisugua kiwiko. Alinitazama machoni, palipobaki wazi. Alimtazama Bertila, akanitazama mikono yenye glavu, akarudi machoni. Nje tulisikia viatu vya Joyceline vinakuja.

Joyceline alipoingia, mama mdogo alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kile cha kuongea na watu wa benki:

"Thank you, miss. We will finish ourselves."

Nikatoka. Nilisimama kwenye stoo katikati ya maboksi ya pamba mpaka niliposikia gari lao linaondoka.

Jumatano, 31 Oktoba

Hasemi nami. Si kwamba amenuna; ananipita kama mtu anayepita chumba kisicho na taa. Mama yangu alipiga simu kutoka Moshi, nikasikia mama mdogo anamwambia, "Eli? Hajambo. Shule imembana tu." Sasa anadanganya kwa niaba yangu. Nimemfundisha mtu mzima uongo.

Alhamisi, 1 Novemba

Nimewasilisha mada. Nilieleza kisu cha jiwe, alama, mbio, mawe. Kijana mmoja aliuliza kama yale mawe yalikuwa ya kweli au desturi tu, kwamba huenda walirusha kwa kukosea makusudi. Mwalimu akasema hatujui, tuna maneno ya wasafiri tu. Mimi nikasema hata jiwe la kukosea makusudi, anayekimbia halijui hivyo. Nimepata alama nzuri sina pa kuzipeleka.

Ijumaa, 2 Novemba

Tumekutana jikoni. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akazima jiko, akaondoka.

Jumamosi, 3 Novemba

Tumemzika Bertila. Mvua iliacha asubuhi, ardhi ya makaburini ikawa inanasa viatu. Kanisani jeneza lilikuwa wazi na watu wakapita mmoja mmoja. Melkiori aliposimama mbele ya mama yake alikaa sana. Nilikuwa mstari wa nyuma, nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Aliporudi kukaa nikaona alikuwa pia anatabasamu.

Baada ya mazishi watu walikuja kwetu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka barazani. Nilikuwa jikoni napakua ugali na mchuzi, nabeba sahani, nawapelekea watu mikekani. Mama mdogo alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, hali kitu. Nilipomfikishia sahani alisema, "Baadaye," bila kunitazama.

Joyceline alikuwa na sahani mapajani. Akasema, "Jamani, lakini Bertila katengenezwa. Mimi nimeshaona marehemu hapa Marekani, wanakuwa kama doli. Huyu alikuwa Bertila mwenyewe, nikasema sasa hivi ananiuliza mbona nimenenepa. Wale Wazungu wana mikono."

Watu wakaitikia. Mwingine akasema kweli, hata ule mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani mbili, na ningeweza kusema. Nafasi ilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Sikusema. Nilianza kurudi jikoni.

"Si Wazungu," mama mdogo akasema.

"Eti?"

"Ni Eli." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayesema chumvi iko wapi. "Eli hasomi unesi. Anasoma kutengeneza marehemu. Alinificha, na nimekasirika naye, hilo ni letu sisi wawili. Lakini yule binti wa Jumanne aliyevaa mask, Joyceline, uliyesema ana roho gani, ndiye huyu. Na mimi nikasema labda hana kwao." Hapo akawatazama wote. "Ana kwao. Ni hapa."

Melkiori, aliyeegemea ukuta, aliuliza, "Ni wewe uliyemshika mama?"

"Ndiyo, kaka."

Aliinamisha kichwa. Sikujua amelipokea vipi.

Joyceline alitazama ugali wake, niliousonga mimi, niliompakulia mimi. Akaiteremsha sahani taratibu, akaiweka kwenye mkeka karibu na mguu wake, akajifanya anatafuta leso kwenye mkoba. Mama mmoja pembeni yake akaacha kutafuna. Mwingine akasukuma sahani kidogo tu, inchi. Zilikuwa harakati ndogo ndogo za watu wenye adabu, na kila moja niliiona. Nimeona aibu muhula huu mzima, nimeiandika humu mpaka imechosha, lakini yote ilikuwa ya kuogopa hiki. Niliweka sahani zangu chini, mikono ikaning'inia mbele ya watu, sina mfuko wa kuitia.

"Eli," mama mdogo akasema. "Njoo. Sijala tangu asubuhi."

Nikasogea. "Nikupakulie, mama?"

"Hiyo hapo ya Joyceline inatosha, kashiba. Nimegee."

"Nikuletee maji unawe?"

"Kiwiko kinaniuma, siwezi kunyanyua mkono. Nimegee wewe unilishe."

Alisema kiwiko kinauma. Aliutumia mkono huo huo kunionesha pa kukaa.

Nikanawa mbele yao wote, maji yakasikika yakidondoka kwenye beseni. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaichukua ile sahani, nikamega tonge, nikalibonyeza, nikalichovya kwenye mchuzi, nikalipeleka mdomoni kwake. Mchuzi ukamdondokea kwenye gauni lake jeusi la msiba. Hakuupangusa. Alitafuna bila haraka, huku akimtazama Joyceline, akameza, akaniambia niongeze.